Sauti, Picha na Takwimu: Nani Anajaza Mapengo?

Kioo cha runinga ya 4K kina pikseli 8,294,400. Matangazo mengi ya HD, hata yale yenye picha safi kabisa, yana pikseli 2,073,600 tu. Hata hivyo anayetazama mechi sebuleni kwenye runinga hiyo haoni picha ndogo iliyozungukwa na weusi. Anaona uwanja mzima, umejaa kioo kutoka pembe hadi pembe. Maana yake ni kwamba pikseli 6,220,800, yaani tatu katika kila nne, hazikupigwa na kamera wala hazikurushwa na kituo chochote. Zimetengenezwa mle mle ndani ya runinga, upya kwa kila picha inayopita, na mtazamaji hana habari.

Kazi hiyo huitwa kuongeza sampuli. Sampuli ni kipimo kimoja kilichochukuliwa mahali fulani au wakati fulani: mwanga kwenye nukta moja ya picha, kimo cha wimbi la sauti katika chembe ya sekunde, idadi ya watu usiku wa sensa. Vipimo vikiwa vichache kuliko vinavyohitajika, kompyuta huweka vingine katikati. Inafanya hivyo kwenye muziki, kwenye picha ya harusi na kwenye jedwali la takwimu. Wazo ni lile lile kote huko, lakini kiasi cha kuliamini jibu linalowekwa pengoni si kile kile hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Sauti ndiyo yenye bahati kuliko vyote. Kicheza CD cha kwanza kuuzwa madukani, CDP-101 cha Sony, kilitoka Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Sauti iliyomo kwenye CD imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza hujiuliza: na yaliyotokea kati ya kipimo kimoja na kingine yamekwenda wapi? Hayakupotea. Harry Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949, kila mmoja kwa njia yake, walijenga hoja ambayo leo ni msingi wa sauti zote za kidijitali: ikiwa sauti haina mitetemo inayofikia nusu ya idadi ya vipimo, basi kuna wimbi moja tu linaloweza kupita kwenye nukta zote zilizopimwa. Si mawili, si matatu. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na nusu ya 44,100 ni 22,050. Kwa hiyo kilichomo kati ya nukta kinajulikana tayari. Kinachobaki ni kukikokotoa.

Namna ya kukikokotoa inashangaza. Tuseme sampuli mbili zinazofuatana ni 10 na 14, na fundi anataka idadi iwe mara nne. Mtu wa kawaida angeweka 11, 12 na 13. Fundi anaweka sifuri tatu, na safu inasomeka 10, 0, 0, 0, 14. Kwa hali hiyo safu ina makorokoro mengi ya mitetemo ya juu ambayo hayakuwamo kwenye muziki. Kisha anaipitisha kwenye kichujio kinachokata kila mtetemo uliozidi mpaka wa zamani. Makorokoro yanaondoka, na zile sifuri zinapanda hadi pale wimbi la kweli lilipokuwa. Huenda mojawapo ikawa 15, kwa sababu wimbi lilipanda kidogo kabla ya kushuka hadi 14. Anayejaza kwa mstari ulionyooka asingeipata hiyo 15 kamwe.

Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitumia mbinu hii kujinasua. Ilipokuwa ikishirikiana na Sony kuandaa CD, Philips ilikuwa imejiandaa kwa vipimo vya biti 14 (yaani tarakimu 14 za 0 na 1 kwa kila kipimo), na chipu zake zilikuwa za biti 14. Sony ikashikilia biti 16, na ikashinda. Badala ya kuzitupa chipu zao, wahandisi wa Philips waliongeza sampuli mara nne, kutoka 44,100 hadi 176,400 kwa sekunde. Kwa kufanya hivyo, kelele zinazotokana na upungufu wa biti zilitawanyika kwenye eneo pana zaidi, na sehemu kubwa yake ikasukumwa juu kusikofikiwa na sikio. Chipu ya biti 14 ikatoa sauti ya kiwango cha biti 16. Kulikuwa na faida nyingine: kichujio cha umeme mwishoni mwa njia hakikuhitaji tena kuwa kikali kupita kiasi, maana uchafu uliobaki ulikuwa mbali na muziki. Baadaye karibu kila mtengenezaji aliifuata njia hiyo.

Kazi hii inafanyika kila siku bila mtu kuigusa. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, ilhali sauti ya video kwa kawaida ina 48,000. Namba hizo hazigawanyiki kirahisi, ila zote mbili zinagawanyika kwa 300, na uwiano wake unakuwa 147 kwa 160. Basi anayeweka wimbo kwenye video, bila yeye kujua, programu yake hufanya hesabu yenye matokeo sawa na haya: inaingiza sifuri 159 kati ya kila sampuli mbili, inachuja, na safu inafikia sampuli 7,056,000 kwa sekunde, kisha inabakiza moja katika kila 147. Zinabaki 48,000 kamili.

Lakini wimbi linalopatikana ni lile lililorekodiwa, hakuna la ziada. Msikilizaji anayepiga simu studio kwa laini ya kawaida anatoa mfano mzuri. Simu hupima sauti yake mara 8,000 kwa sekunde na kupitisha mitetemo hadi 3,400 hivi. Studio ya redio inaipandisha sauti hiyo mara sita ili ilingane na mitambo yake ya 48,000. Bado inasikika nyembamba, na herufi s na f bado zinafanana, kwa kuwa kinachozitofautisha kiko juu ya pale simu ilipokata. Kwa hiyo anayeuziwa programu ya kugeuza MP3 za zamani kuwa za kiwango cha studio kwa kupandisha sampuli peke yake ananunua faili kubwa zaidi, basi.

Kwenye picha bahati hiyo haipo. Sauti huchujwa kabla ya kupimwa, lakini dunia iliyo mbele ya kamera ina kingo kali: herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, unywele juu ya shavu. Kamera ikishindwa kuzishika, hakuna kanuni inayosema kati ya pikseli mbili kulikuwa na nini. Hapo kompyuta inakisia.

Chukua pikseli mbili jirani, moja ya kiza yenye thamani 20 na nyingine ya mwanga yenye 220, na kati yake zinatakiwa mbili mpya. Njia ya kwanza ni kunakili jirani wa karibu: 20, 20, 220, 220. Ni ya haraka, na ndiyo inayoleta vile viboksi ambavyo watengeneza mabango wa Dar es Salaam wakiviona husema picha imepasuka. Ya pili ni kwenda kwa mstari: 20, 87, 153, 220. Viboksi vinaondoka, ukungu unaingia. Ya tatu hutazama pikseli 16 zinazoizunguka nukta mpya badala ya 4, na kuchora mkunjo. Kingo zinakuwa kali zaidi, ila mkunjo unaweza kupitiliza, ukashuka chini ya 20 au kupanda juu ya 220, na ndiyo sababu herufi zilizokuzwa hivyo huwa na kivuli chepesi kandokando. Kila njia ina kasoro yake. Fundi anachagua tu kasoro atakayoivumilia.

Hesabu ya bango inaonyesha ukubwa wa tatizo. Bango la upana wa mita 2, likichapishwa kwa nukta 100 kwa kila inchi, linataka nukta zipatazo 7,900 kwa upana. Picha ya bwana harusi iliyopita kwenye WhatsApp ikafika na pikseli 1,600 inapaswa kutanuliwa karibu mara tano kila upande. Kila pikseli ya kweli inabidi iwe na wenzake 23 au 24 wa kubuni.

Takwimu nazo zina mapengo yake. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ile ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Walikuwa wangapi Agosti 2017? Ukivuta mstari kati ya namba hizo mbili, katikati panasomeka 53,335,000 hivi. Ukichukulia kwamba watu waliongezeka kwa asilimia ile ile kila mwaka, jambo lililo karibu zaidi na namna watu wanavyoongezeka, unapata kama 52,668,000. Tofauti ni zaidi ya watu 660,000, idadi inayoweza kujaza mji mkubwa, na chanzo chake si kosa la karani yeyote. Ni uamuzi wa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta kuchagua mstari au mkunjo. Anayesoma jedwali lenye namba ya kila mwaka anastahili kuelezwa ni namba zipi zilihesabiwa na zipi zilijazwa.

Yapo pia mapengo ya aina nyingine: vitu adimu. Mwaka 2002 Nitesh Chawla na wenzake watatu walichapisha mbinu iitwayo SMOTE. Moja ya hifadhidata walizotumia ilitokana na picha za eksirei za matiti, ikiwa na sampuli 11,183, na katika hizo 260 tu ndizo zilizokuwa na dalili zilizotafutwa. Programu ya kijinga inayojibu "salama" kila mara ingepata karibu asilimia 97.7, na isingemsaidia mgonjwa hata mmoja. SMOTE huchukua sampuli adimu, hutafuta adimu wenzake wanaofanana nayo, kisha huumba nyingine mahali fulani kwenye mstari unaoziunganisha, ili programu inayofundishwa isizipuuze. Ni mbinu nzuri kwa kufundishia. Shida huja pale mtu anapoumba sampuli hizo kwanza na kutenga za mtihani baadaye. Ndugu wa sampuli za mtihani wanakuwa wameshaingia darasani, na alama zinazotangazwa zinakuwa za uongo.

Kisha ikaja akili mnemba. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong walionyesha kwamba mtandao wa neva unaweza kujifunza kukuza picha kwa kutazama jozi nyingi za picha ndogo na picha halisi. Haukuuliza tena jirani wa pikseli ni nani. Uliuliza picha nyingine zenye sura kama hii kwa kawaida huwa na nini hapa. Matokeo yanavutia kweli. Mwaka 2020 Denis Shiryaev aliichukua filamu ya ndugu Lumière ya treni ikiingia kituo cha La Ciotat, iliyoonyeshwa mwaka 1896, akaipandisha hadi 4K na picha 60 kwa sekunde. Ya awali ilikuwa na kama 16. Mamilioni ya watu waliitazama na kuona abiria wa karne ya 19 wakitembea kwa ulaini wa video ya simu, ingawa sehemu kubwa ya picha hizo ilibuniwa na kompyuta.

Kwa treni hakuna anayedhurika. Kwa sura ya mtu ni jambo jingine. Juni 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, iliyopokea uso wa pikseli 16 kwa 16 na kurudisha wa pikseli 1,024 kwa 1,024. Watu wakaipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa, ambayo yeyote anayemfahamu angeitambua hata kwa viboksi vile. Programu ikarudisha mzungu. Kihesabu haikukosea: ukiipunguza picha ya yule mzungu hadi pikseli 16, inalingana na ile iliyopewa. Nyuso nyingi mno zinalingana na viboksi hivyo 256, na mashine ikachagua kutoka katika zile ilizozizoea, kwa kuwa ilifunzwa kwa picha 70,000 za mtandao wa Flickr ambamo wazungu ndio wengi. Watengenezaji wenyewe walionya kwamba nyuso zinazotoka ni za watu wasiokuwepo duniani.

Mahakama moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilikutana na swali la kuziamini picha za aina hii Machi 2024 katika kesi ya mauaji. Upande wa utetezi ulitaka baraza la wazee wa mahakama lioneshwe video ya simu iliyokuzwa kwa akili mnemba. Jaji Leroy McCullough aliikataa. Alisema mbinu iliyotumika haionekani wazi, na inaonyesha kile ambacho programu inadhani kilipaswa kuwapo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na polisi na mahakama za kwetu zinapaswa kuuzingatia kabla mtu hajafungwa kwa sura iliyochorwa na mashine.

Kwa matumizi ya nyumbani, programu hizo zinafaa kung'arisha picha ya babu, mradi ile ya asili ihifadhiwe kando bila kuguswa. Na anayempelekea mchapaji picha kwa WhatsApp aitume kama hati, si kama picha. Ikitumwa hivyo haipunguzwi, na mchapaji anapokea pikseli zote zilizotoka kwenye kamera.