Aliyepandikizwa Figo Akipata Homa

Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma, ilianza kupandikiza figo. Mwili huiona figo hiyo kama mgeni na kutaka kuikataa, kwa hiyo mgonjwa humeza kila siku dawa za kupunguza kinga. Hapo bakteria hupata mwanya, hasa katika njia ya mkojo na mapafu. Wakienea katika damu wanaweza kuua upesi. Homa yenyewe yaweza kuwa ndogo tu. Basi tusimpe vidonge vya malaria vya dukani tukangoja kupambazuke. Nauli ya kutoka Kondoa au Mpwapwa twaijua. Aanzie hospitali ya karibu, usiku huo huo, na aseme mlangoni kwamba amepandikizwa figo. Dawa zake asiziache mwenyewe. Daktari ndiye atakayezipunguza ikibidi.