Somo la Redio: Kuinua Pikapu Mbele

Somo hili lilisemwa redioni. Sasa limepigwa chapa ili ulisome mwenyewe polepole, kisha mlizungumze pamoja darasani.

Ukisimama kando ya pikapu tupu yenye kuvuta kwa magurudumu yote 4, utaona kwamba nyuma iko juu na mbele imeinama. Watu wengi hudhani hiyo ni kasoro. Hutokea fundi akasema, "Leteni fedha, niweke spesa mbele, gari likae sawa." Je, fedha hiyo itolewe? Kikundi cha wakulima chenye pikapu moja hakina fedha ya kuchezea. Pikapu hiyo ndiyo ipelekayo mahindi na vitunguu saumu sokoni, na usiku ndiyo imchukuayo mgonjwa. Basi yafaa tuelewe kwanza, ndipo tuamue.

MANENO YA LEO

Springi ni chuma chenye kunepa, kibebacho uzito wa gari. Ekseli ni mti wa chuma unaounganisha magurudumu au kuyazungusha. Difu ni kile kibonge cha chuma kilicho kwenye ekseli, chenye gia ndani yake. Spesa ni kipande kigumu kinachowekwa juu ya springi ya mbele ili pua ya gari ipande.

KWA NINI NYUMA IKO JUU?

Pikapu imetengenezwa ili kubeba mzigo, na mzigo hukaa nyuma. Springi za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikapindwa kama upinde. Gari likiwa tupu, upinde huo husimama juu. Ukipakia, unanyooka na nyuma inashuka.

Tupige hesabu. Gunia 1 la mahindi lina kilo 100. Magunia 10 ni kilo 1,000, yaani tani 1. Pikapu nyingi zimetengenezwa kubeba karibu tani 1. Ukipakia magunia hayo 10, nyuma itashuka, na gari litakaa sawa au karibu na sawa. Kwa hiyo ule urefu wa nyuma ni nafasi iliyowekwa kwa ajili ya mzigo. Ni kama mtu anayejiandaa kubeba gunia: husimama imara kabla hajatwishwa.

Sasa fikiri. Ukiinua mbele mpaka pikapu ikae sawa ikiwa tupu, itakuwaje utakapopakia magunia 10? Nyuma itashuka, na pua itatazama juu. Gari litakuwa sawa siku lisipofanya kazi, na litapinda siku ya kazi.

TAA ZITATAZAMA WAPI?

Chukua kalamu. Katika pikapu nyingi, kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele ni kama mita 3. Ukiinua mbele sentimita 5, mwanga wa taa nao unapanda sentimita 5 kwa kila mita 3. Mita 30 ni mara 10 ya mita 3. Basi, mita 30 mbele ya gari, mwanga utakuwa umepanda sentimita 50. Hiyo ni nusu mita. Mita 60 mbele, utakuwa umepanda mita nzima.

Mwanga uliokuwa ukimulika barabara sasa unampiga dereva anayekuja machoni. Naye akiwa kwenye kona za mteremko wa Magara, hana nafasi ya kukosea. Wewe mwenyewe pia huoni vizuri shimo lililo karibu, wala mtoto anayechunga ng'ombe kando ya njia.

MAGURUDUMU NAYO?

Magurudumu ya mbele yamewekwa kwa pembe maalumu, ili gari liende moja kwa moja na matairi yaliwe sawasawa. Ukiinua mbele, pembe hizo zinabadilika. Usukani huanza kutangatanga, na matairi huliwa upande mmoja. Tairi lililokusudiwa kudumu muda mrefu linakwisha mapema. Hiyo ni gharama ambayo fundi hakuitaja alipotaja bei ya spesa.

Hapa yafaa kujua gari lako ni la namna gani. Toyota Hilux zilizotoka kuanzia mwaka 2005 zina springi za kuviringika mbele, na kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake. Ukiziinua, ekseli fupi zinazozungusha magurudumu hayo hufanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa. Mipira inayofunika maungio yake hujikunja na kupasuka. Udongo wa Mbulu wakati wa masika huingia ndani, grisi hutoka, na ungio huliwa.

Hilux nyingi za kabla ya hapo hazina springi za kuviringika mbele. Zina fimbo ndefu za chuma zinazojisokota. Kwa hizo fundi hahitaji spesa. Hukaza bolti tu na pua hupanda. Lakini gurudumu hubaki na nafasi ndogo ya kushuka shimoni, na gari huwa gumu na lenye kurusharusha watu. Mjamzito anayepelekwa hospitali atalijua jambo hilo kabla ya dereva.

Pikapu za Land Cruiser zina ekseli moja nzima mbele, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Tangu mwaka 1999 zimekuwa na springi za kuviringika juu ya ekseli hiyo. Ukiweka spesa, ekseli nzima hugeuka kidogo, na usukani hukosa ule uthabiti wake.

JE, HAKUNA FAIDA?

Faida zipo, nasi hatutazificha. Pua iliyoinuka haigongi upesi ukingo wa korongo. Matairi makubwa kidogo hupata nafasi ya kuzunguka. Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hawalijui. Katika Land Cruiser, difu la mbele limo ndani ya ekseli. Spesa huinua bodi, haiinui ekseli. Difu hubaki palepale, na jiwe lililokuwa likiligonga jana litaligonga na kesho. Katika Hilux, difu la mbele hupanda pamoja na bodi, lakini la nyuma halipandi. Kinachoinua difu la nyuma kutoka chini ni tairi kubwa zaidi, si spesa.

UFANYE NINI?

Kwanza, pima. Simamisha gari mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Pima gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wenu wa kawaida. Andika tarakimu zote 8 katika daftari. Darasa hili limekupa uwezo huo, utumie.

Pili, soma tarakimu zako. Ikiwa kwa mzigo wa kawaida gari linakaa sawa, usiguse kitu. Ikiwa upande mmoja wa mbele umeshuka kuliko wa pili, huenda springi imechoka au imevunjika. Dawa yake ni springi mpya, tena kwa pande zote 2. Spesa juu ya springi iliyochoka ni kama kumvika mgonjwa viatu virefu.

Tatu, ikiwa mmefunga mbele chuma kizito cha kukinga ng'ombe, na pua imeshuka kwa sababu hiyo, tafuteni springi zenye nguvu zaidi zilizotengenezwa kwa uzito huo.

Nne, kama bado mnataka kuinua, inueni kidogo tu. Kisha msiondoke gereji kabla ya mambo 3 kufanyika: pembe za magurudumu zipimwe kwa mashine, mipira ya breki ikaguliwe magurudumu yakiwa yananing'inia, isivutike, na taa zishushwe gari likiwa na mzigo. Gharama hizo zihesabiwe pamoja na bei ya spesa, maana ndizo bei yenyewe.

Ndugu msomaji, pikapu ya kikundi si ya kupendezea macho barabarani. Ni ya kufika sokoni na kurudi salama. Inapoinama mbele ikiwa tupu, haijachoka. Inangoja mzigo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini nyuma ya pikapu tupu iko juu?
2. Mbele ikiinuliwa sentimita 4, na gari lina mita 3 kati ya magurudumu, mwanga utapanda kiasi gani mita 30 mbele?
3. Ni difu lipi lisilopanda hata ukiweka spesa?
4. Pimeni pikapu moja iliyo karibu nanyi, tupu na yenye mzigo. Je, inahitaji kuinuliwa?