Mpango Uache Nafasi ya Hodi

Daftari la chama chetu hapa Utange lina ukurasa wa mzunguko, unaoonyesha nani anapokea mwezi huu, na ukurasa wa malengo. Huu wa pili niliuanzisha mimi nilipochaguliwa katibu. Kila Januari tunakutana barazani kwa mwenyekiti, kila mtu anataja analolitaka, nami naandika. Kujenga. Kumaliza karo. Kununua cherehani. Kufungua biashara. Mwaka mmoja, kabla sijafungua ukurasa mpya, niliwasomea ule wa mwaka uliopita. Maneno yalikuwa yale yale, wino tu ndio ulikuwa tofauti.

Asije mtu akasema ni uvivu. Wenzangu hawa huamka saa tisa usiku. Tatizo ni kwamba "kufungua biashara" si kitu unachoweza kuamka kesho ukakifanya. Kesho unaweza kwenda Kongowea kuuliza bei ya unga kwa gunia. Unaweza kumwona fundi akakwambia kibanda kitakula mabati mangapi. Hayo yanafanyika. Kabla hujafika kwenye hayo, ulichonacho ni dua, na dua ni njema, ila haina tarehe.

Nimchukue mwanachama mmoja, ambaye hapa nitamwita Mama Mahamri. Anakaangia nje ya nyumba yake tangu alfajiri, karai upande huu, sufuria ya mbaazi za nazi upande ule. Lengo lake ni kibanda chenye meza na mabenchi, wateja wakae wale badala ya kufungiwa kwenye gazeti. Jioni moja tulikaa na kalamu. Sikumwuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano, swali hilo ni la watu wa ofisini. Nilimwuliza: ukitoa gharama zote, siku moja inakuachia nini? Hakujua. Alijua pesa zinaingia, na alijua jioni hazipo.

Basi hatua ya kwanza ya mpango wake haikuwa kuweka akiba. Ilikuwa kuandika, wiki mbili mfululizo, nyuma ya daftari la zamani la mtoto: unga, sukari, nazi, iliki, mafuta, makaa, na mahamri yanayoliwa nyumbani. Hilo la mwisho lilimuudhi.

"Sasa nihesabu hata hamri la mwanangu?"

"Lihesabu, dada. Ale ashibe, lakini daftari lijue."

Hesabu ilipokamilika tuliona jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Siku njema ilimwachia kama shilingi 300, lakini siku njema zilikuwa zimejazana mwisho wa mwezi, vibarua wanapolipwa. Katikati ya mwezi alikuwa akikaangia madeni. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aweke kiasi kimoja kila siku, unamtafutia aibu tu. Mpango wake ukafuata mfuko wake: mwisho wa mwezi anaweka kingi, katikati anaweka kidogo au haweki kabisa, na haombi radhi kwa mtu. Tukaongeza na mambo ambayo wengi huyasahau kwa kuwaza mabati: leseni ya kaunti, na cheti cha afya cha wanaouza chakula, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Usipokiandika wewe, askari wa kaunti atakukumbusha.

Hapa sasa ndipo vitabu vya malengo vinaponikera. Vinakupangia kana kwamba unaishi peke yako kisiwani. Utange mtu hubisha hodi. Kuna matanga, kuna harusi, kuna jirani aliyelazwa Makadara, kuna mtoto wa ndugu aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Watu husema, "Ningefika mbali, ila nilipatwa na dharura." Jambo linalokuja kila mwezi si dharura, ni bili kama ya maji. Tukatenga shilingi 50 katika kila 300, tukaziita za hodi. Mwezi ukipita kimya, zinaingia mwezi unaofuata. Zikiisha, anasema kwa upole kwamba mkono wake umefika mwisho.

Wapo waliosema huo ni uchoyo. Mimi sikubali. Zamani alikuwa akitoa mchango wake kwenye pesa ya unga, halafu Jumatatu anakopa kwa simu ili apate cha kukaanga. Tangu huduma ya simu ya M-Shwari ianze mwaka 2012, mkopo unalala nasi chini ya mto. Lakini simu hiyo hiyo ina akiba ya kufungwa, ambayo unaiwekea muda, na pesa za mabati alizifungia humo ili asizione kila akifungua salio.

Anayedhani hatua ndogo ni unyonge atembee hadi Haller Park, hapo Bamburi tu. Kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1954, na machimbo yake yakabaki mwamba mtupu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kuotesha miti humo. Hakuanza na msitu. Alijaribu aina 26 za miti aone ipi itavumilia, zikapona tatu: mvinje, mnazi na konokapasi. Mvinje ukatamba, ila majani yake yalirundikana chini bila kuoza, kwa hiyo udongo haukupatikana. Wakaletwa majongoo, wakayatafuna, na kinyesi chao kikasaidia kutengeneza udongo. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa milango. Sidhani kuna ambaye angekaa siku ya kwanza akaandika "majongoo" kwenye mpango. Hilo lilionekana baada ya kuanza.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alichapisha makala mwaka 1999 akieleza kwamba anayeamua mapema lini, wapi na vipi atatenda, kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile", hutimiza zaidi kuliko anayenuia tu. Sisi tumelichukua hilo kwa namna yetu. Mama Mahamri haendi kwa saa ya ukutani, kwa hiyo hatukuandika saa. Tuliandika: nikishaosha karai, kabla sijabadilisha leso, natuma pesa ya kibanda.

Siku hizi ukurasa wa malengo una nafasi tatu kwa kila jina: utafanya nini, baada ya kufanya nini, na nani atakuuliza. Mwenyekiti alitaka tuongeze faini. Nilipinga, kwa sababu anayeogopa faini hukimbia kikao, na ukishakimbia kikao hakuna wa kukuuliza.

Mabati ya Mama Mahamri yameegemezwa nyuma ya nyumba. Mbao bado, kwani msiba wa kwao ulikula pesa za hodi zote na nyingine kidogo, naye akafuta "Agosti" akaandika "Oktoba". Mabenchi yatakuwa mawili badala ya manne. Jumatatu, akishaosha karai, ninakwenda naye kuulizia leseni.