Mwinamo wa Pikipiki: Kutoka Mashindano ya Dunia hadi Njia za Mohoro

Katika Mohoro, kama katika sehemu nyingine nyingi za Rufiji na Kibiti, pikipiki imekuwa chombo cha kila mtu. Humfikisha mgonjwa zahanati, mwalimu shuleni, samaki sokoni na gunia la mpunga mashineni. Baadhi ya vijana wanaoiendesha hutazama pia mashindano ya pikipiki ya dunia, na humwona bingwa akilaza chombo chake katika kona hata goti na kiwiko vikagusa lami, kisha akainuka salama. Swali linalozuka ni hili: bingwa huyo ana nini ambacho kijana wa Mohoro hana?

Wengi hujibu upesi kwamba ana ujasiri. Jibu hilo halitoshi, na mwenye kulitegemea anaweza kupoteza mguu wake au uhai wa abiria wake. Hebu tulichunguze jambo hili kwa njia ya fizikia.

Msimu wa mashindano

Ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki barabarani ulianzishwa na Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki mwaka 1949. Ubingwa huo haupatikani kwa shindano moja, bali kwa msimu mzima. Msimu wa 2025 ulikuwa na mashindano 22, kuanzia Thailand mwezi Machi hadi Valencia, Hispania, mwezi Novemba. Katika kila shindano la Jumapili, mshindi wa kwanza wa daraja la juu hupewa pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16, na kuendelea kupungua hadi mtu wa 15, ambaye hupata pointi 1. Tangu mwaka 2023 kuna pia mbio fupi za Jumamosi, ambazo mshindi wake hupata pointi 12. Mwenye jumla kubwa kuliko wote ndiye bingwa. Mwaka 2025 alikuwa Marc Márquez wa Hispania, aliyetwaa ubingwa huko Motegi, Japani, huku mashindano matano yakiwa bado hayajafanyika.

Pikipiki za daraja hilo zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1000 na uzito usiopungua kilo 157. Mwaka 2023, katika uwanja wa Mugello nchini Italia, Mwafrika mwenzetu Brad Binder wa Afrika Kusini alifikia kasi ya kilometa 366 kwa saa. Lakini kasi kama hiyo hupatikana mahali paliponyoka tu. Penye kona hata bingwa hana budi kuipunguza sana, na hapo ndipo ustadi wa waendeshaji hupimwa.

Kwa nini pikipiki hulala?

Mtazame mtoto anayekimbia kuzunguka pembe ya nyumba. Bila kufundishwa na mtu, huinama kuelekea upande anaokwenda. Newton alieleza kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea kwenda moja kwa moja mpaka kani fulani ikigeuze. Kwa pikipiki, kani ya kuigeuza ni msuguano kati ya tairi na barabara. Msuguano huo husukuma tairi kuelekea ndani ya kona. Kwa kuwa unafanya kazi chini kabisa, kwenye tairi, pikipiki iliyosimama wima ingepinduka kuelekea nje. Mwendeshaji huilaza ndani ili uzito wake na wa chombo uzuie kupinduka huko.

Kiasi cha mwinamo hukadiriwa kwa kanuni hii:

tanjenti ya pembe = v² ÷ (r × g)

Hapa v ni kasi kwa meta katika sekunde, r ni nusu kipenyo cha kona kwa meta, na g ni mchapuko wa uvutano wa dunia, ambao tutauchukua kuwa 10. Pembe hupimwa kuanzia mstari wa wima.

Tuchukue kona yenye nusu kipenyo cha meta 20. Pikipiki ikienda kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kwa sekunde, tanjenti ni 100 ÷ 200 = 0.5, na pembe ni nyuzi 27 hivi. Kasi ikiongezwa maradufu, tanjenti huwa 400 ÷ 200 = 2, na pembe hupanda hadi nyuzi 63. Huo ni mwinamo unaokaribiana na ule wa mabingwa, ambao hupita nyuzi 60. Mwanafunzi aangalie kwamba kasi imeongezeka mara mbili, lakini msuguano unaohitajika umeongezeka mara nne.

Mpaka usiovukika

Msuguano una mpaka wake. Tukigawanya kani kubwa kabisa ya msuguano kwa uzito unaokandamiza tairi, tunapata namba ambayo hapa tutaiita namba ya msuguano. Tanjenti ya mwinamo haiwezi kuzidi namba hiyo. Ikizidi, tairi huteleza na pikipiki huanguka, hata kama mwendeshaji ni hodari namna gani.

Tuseme namba ya msuguano wa tairi la kawaida juu ya lami kavu ni 0.75. Katika kona yetu ya meta 20 mpaka utakuwa mwinamo wa nyuzi 37, na kasi ya kilometa 44 kwa saa. Sasa tuseme juu ya tope laini namba hiyo imeshuka hadi 0.2. Mpaka wa mwinamo utakuwa nyuzi 11 tu, na wa kasi kilometa 23 kwa saa. Kona ni ile ile na mwendeshaji ni yule yule, lakini kilichokuwa mwendo wa kawaida jana sasa ni ajali.

Bingwa wa dunia hakuivunja sheria hii. Tairi zake ni za mpira laini, nazo hufunikwa kwa blanketi za umeme ili zipate joto kabla ya mbio kuanza. Lami ya uwanja ni safi na yenye mkwaruzo. Kwa hiyo namba yake ya msuguano hupita 1. Mvua ikinyesha, hubadili tairi, hupunguza mwinamo na kupunguza kasi.

Wengine watauliza: mbona uzito haumo katika kanuni? Je, basi, kubeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hakuna madhara? Kuna madhara makubwa. Abiria wakizidi, uzito husogea nyuma, gurudumu la mbele hukandamizwa kidogo, na usukani hupoteza nguvu ya kugeuza. Tena, breki hulazimika kuondoa nishati kubwa zaidi ya mwendo kuliko ile iliyokusudiwa na waliozitengeneza.

Jaribio la darasani

Namba ya msuguano inaweza kupimwa shuleni bila chombo cha kununua. Tafuta ubao wa sentimita 100, uupake saruji na uache ukauke. Kata kipande cha tairi kuukuu, ukifunge chini ya jiwe, ukiweke juu ya ubao. Inua ncha moja ya ubao polepole mpaka kipande kianze kuteleza. Pima kimo cha ncha iliyoinuliwa, kisha ukigawanye kwa urefu wa kitako, yaani umbali wa mlalo kati ya ncha mbili. Ikiwa kimo ni sentimita 60, kitako kitakuwa 80, na jibu ni 0.75.

Rudia kwa ubao uliomwagiwa maji, kisha mchanga mkavu, kisha tope la bondeni. Linganisha majibu. Pembe ambayo kipande huanza kuteleza ndiyo pembe kubwa kabisa ambayo pikipiki ingeweza kulala juu ya sakafu ya namna hiyo. Hivyo ubao mmoja hutabiri ajali kabla haijatokea.

Barabara si uwanja

Historia ya mashindano yenyewe ina funzo. Kwa miaka mingi, mbio za kisiwa cha Man zilihesabiwa katika ubingwa wa dunia. Zilipita katika barabara za kawaida, zenye kuta za mawe na nguzo, kwa mzunguko wa kilometa 60 hivi. Vifo vilipozidi, baadhi ya waendeshaji wakuu walikataa kushiriki, akiwamo Giacomo Agostini, bingwa wa dunia mara 15. Baada ya mwaka 1976 mbio hizo ziliondolewa katika ubingwa. Mabingwa wenyewe walitambua kwamba barabara ya watu si mahali pa kutafutia ubingwa.

Leo kando ya kona nyingi za viwanja hutandazwa changarawe ili kumpunguzia kasi anayeanguka. Waendeshaji huvaa mavazi ya ngozi yenye mifuko ya hewa, iliyofanywa kuwa lazima mwaka 2018, na madaktari husubiri karibu. Hata hivyo, wiki moja baada ya kutwaa ubingwa wa 2025, Márquez aligongwa nchini Indonesia, akaanguka na kuvunjika mfupa wa bega.

Huko kwenye viwanja, mchanga na kokoto huwekwa nje ya njia ili kumwokoa aliyeanguka. Katika bonde la Rufiji vitu hivyo mara nyingi ndivyo njia yenyewe. Tena bonde hilo hufurika, kama lilivyofurika mwaka 2024, na maji yanapopungua huacha udongo laini unaoteleza. Kando ya njia hakuna daktari anayesubiri, bali kuna watoto wanaotoka shuleni.

Basi kijana wa Mohoro anaweza kumwiga bingwa katika jambo moja lenye manufaa: kuisoma barabara kabla ya kuigeukia kona. Apunguze kasi angali amenyoka, asikamate breki kwa ghafula akiwa amelala, na penye tope au mchanga akumbuke ile pembe ya nyuzi 11. Bingwa naye hufanya vivyo hivyo, ila barabara yake humruhusu zaidi.