Mama Mzito, Mtoto Mwepesi

Hapa Lupepo tuna ndizi, mahindi, maharage, parachichi na ng'ombe wa maziwa. Mgeni akipita husema, "Watu wa Rungwe hawana shida ya chakula." Je, ni kweli?

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Siku ya kliniki mama na mtoto wanapimwa. Mama ana uzito uliozidi. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu ni mwepesi, tena mfupi kuliko umri wake. Watu wanacheka: "Mama anamaliza chakula cha mtoto!" Hapana, tusimcheke. Wote wawili wana shida moja. Wanapata chakula cha kujaza tumbo, hawapati cha kujenga mwili.

Sababu ni nini? Asubuhi maziwa yote yanauzwa. Mayai na parachichi vilevile. Fedha zinakwenda kwenye mbolea na sare za shule. Halafu inakuja miezi ya mvua. Mahindi ya zamani yamekwisha, mapya bado. Mama anapakulia wengine kwanza. Yeye anabaki na ugali mkavu, au chai ya sukari na maandazi. Mtu mzima akila hivyo kila siku anaweza kunenepa, na baadaye kupata kisukari au shinikizo la damu. Lakini tumbo la mtoto ni dogo. Ukimpa uji mwepesi mara mbili kwa siku, anashiba maji tu.

Shida hii si yetu peke yetu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Iringa na Njombe, mikoa yenye mavuno mengi, mtoto mmoja kati ya wawili amedumaa. Kati ya wanawake 100 nchini, zaidi ya 30 wana uzito uliozidi.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, tusome kadi ya kliniki. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, tusingoje ushuke. Tumwone mganga mapema.

Pili, miezi 6 ya kwanza mtoto anyonye tu. Baada ya hapo aanze kula, huku akinyonya mpaka miaka miwili. Kuanzia miezi 9 ale mara tatu au nne. Uji uwe mzito, wenye maziwa au karanga zilizosagwa. Ndizi zipondwe pamoja na maharage au parachichi.

Tatu, kabla maziwa hayajaondoka, kikombe cha mtoto kibaki nyumbani. Baba, hili ni lako pia, maana mara nyingi fedha za maziwa unazishika wewe.

Nne, mama naye apate maharage na mboga za majani, apunguze sukari na maandazi.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Neno lile bado ni kweli. Basi leo jioni tutazame sahani ya mama na bakuli la mtoto. Mna nini ndani yake zaidi ya shibe?