Ua Zuri Uani, Balaa Mtoni

Hapa Pwani, mtu akitaka kupamba ua wake haendi mbali. Humwomba jirani kijiti, akakichomeka, akakitilia maji, na Mungu akijaalia kikashika. Lakini upo mmea mmoja ambao nakusihi uujue kabla hujauomba.

Wataalamu huuita Cryptostegia grandiflora. Majani yake ni mazito, yanang'aa, na hukaa mawili mawili. Maua ni mapana kama tarumbeta, rangi yake zambarau iliyopauka. Ukivunja kijiti hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo una mpira, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani waliupanda mmea huu kule Haiti wakitafuta mpira. Mradi ulivunjika kabla vita havijaisha.

Asili yake ni Madagaska, ambako magonjwa ya huko huupunguza nguvu. Ukihamishwa huwaacha maadui zake nyuma. Ukiwa peke yake huwa kichaka tu, lakini ukipata mti huuzunguka mpaka kileleni na kuufunika. Mti hukosa jua, ukafa.

Matunda yake hukaa mawili mawili kama pembe. Yakikauka hupasuka, na ndani mna mamia ya mbegu, kila moja na kishungi cha nyuzi laini kama hariri. Upepo huzipeperusha, na zikiangukia majini huelea. Ndiyo maana mmea huu hupenda kufuata mito.

Australia iliupokea karne ya 19 kama pambo. Ukatoroka bustanini, ukameza kingo za mito na malisho ya Queensland. Miaka ya 1990 serikali ya huko ililazimika kuleta kuvu wa kutu kutoka Madagaska ili audhoofishe.

Tusiseme Australia ni mbali. Hapa Kenya pia umeshatoka bustanini ukaota mwituni. Fikiria mbegu hizo zikishuka na Mto Sabaki, au zikiingia katika misitu yetu ya kaya. Tena mmea huu una sumu inayodhuru moyo wa mnyama. Mbuzi au ng'ombe akiula huweza kufa, na kiangazi mnyama mwenye njaa hachagui.

Basi tufanye nini? Kama unao uani, ung'oe na mizizi yake, kwani ukikatwa juu tu huchipua tena. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, maana utomvu wake huwasha ngozi. Fanya hivyo kabla matunda hayajapasuka. Mche ulioota karibu na mto au kisima usiuache ukue, kwani samaki mkunje angali mbichi.

Na jirani akija kuomba kijiti, usimnyime bure bure. Mweleze sababu, kisha mpe cha asumini.