Picha Zinazopotea kwa Sababu ya Majina

LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa za vitabu uliotungwa na Leslie Lamport katika miaka ya 1980 juu ya msingi wa TeX ya Donald Knuth, hauhifadhi picha ndani ya waraka kama ifanyavyo programu ya Word, bali huandikiwa jina la faili tu, kisha huitafuta picha hiyo kwenye folda wakati kurasa zinapopangwa. Kwa hiyo waraka unapohamishwa kutoka Word, jina ndilo linalobaki kuunganisha maandishi na picha, na herufi moja ikikosewa, mfumo hutangaza kwamba faili haikuonekana.

Jepesi kugundua ni kosa la herufi kubwa na ndogo: kwa kawaida Windows huhesabu bandari.JPG na bandari.jpg kuwa faili moja, ilhali Linux, inayoendesha seva nyingi, huzihesabu kuwa mbili. Nafasi kati ya maneno na nukta zaidi ya moja nazo zilisumbua kwa miaka mingi, hadi toleo la LaTeX la Oktoba 2019 lilipopunguza sana adha hiyo.

Alama ya asilimia ni hatari zaidi, kwa kuwa katika LaTeX chochote kinachoifuata kwenye mstari hakisomwi. Jina kama ramani50%.png huishia kwenye 50, mabano ya kulifunga hufichwa pamoja na kiendelezi, yaani herufi zinazotaja aina ya faili, na mfumo huendelea kuyatafuta mabano hayo katika mistari inayofuata, hata ukalalamikia mahali pasipo na kosa. Anayetafuta chanzo hana budi kurudi nyuma hadi kwenye picha iliyotangulia.

Hata hivyo, kosa la kuogopwa kuliko yote ni lile lisilotoa ujumbe wowote. Ndani ya waraka wa Word picha huitwa image1.png, image2.png na kuendelea, na kila waraka huanza kuhesabu upya. Sura mbili zikigeuzwa kwa programu ya Pandoc na picha zake zikatolewa kwenye folda moja, za sura ya pili hufuta zile za kwanza zenye majina yaleyale, kitabu kikapangwa bila malalamiko, na mchoro wa figo ukakaa juu ya maelezo ya moyo. Ndiyo maana kila sura inastahili folda yake kabla ya kugeuzwa, na kila picha jina la herufi ndogo, tarakimu na vistari tu, mathalani sura2-figo.png.